Vitanzi vimezidi, sufu imegoma: kutatua matatizo ya anayeanza kufuma na kutengeneza felti

Wanaojifunza kufuma kwa sindano mbili huleta malalamiko yaleyale. Vitanzi vimezidi. Vitanzi vimepungua. Kitambaa kinajikunja. Kofia ya mtu mzima imetoka ya mtoto. Wanaojifunza kutengeneza felti, yaani kitambaa kizito cha sufu iliyoshikamana, wana mawili makubwa: sufu imekataa kushikamana, au imeshikamana ikapitiliza.

Kabla ya dalili yoyote, shika tofauti hii, kwa sababu ndiyo inayoongoza ushauri wote unaofuata. Kilichofumwa kinaweza kufumuliwa na uzi ukatumika tena. Felti haifumuki. Kwa hiyo kosa la kufuma unaweza kulifuata lilipo hata ukilikuta safu kumi baadaye, lakini kosa la felti linazuiwa mapema, kwa kipande cha majaribio, au halizuiwi kabisa.

Vifaa vya kurekebishia ni vichache: kulabu ndogo ya kroshia, pini mbili tatu za kufunga, sindano butu yenye tundu kubwa, rula, na uzi laini wa rangi tofauti na ule unaofumia. Huo uzi wa rangi tofauti ni bima yako. Ukikaribia sehemu unayoiogopa, upitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano ya kufumia, uuache humo, kisha endelea. Mambo yakiharibika, unafumua hadi pale tu, na vitanzi vyote vinakuwa vimeshikwa.

Jambo jingine la awali ni kujua kukitazama kitanzi. Kila kitanzi kimepanda sindano kwa miguu miwili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Kwa ufumaji ulio wa kawaida zaidi, mguu wa kulia ndio unaokaa mbele ya sindano. Chini ya kitanzi, ukiona umbo la herufi V, hicho ni kitanzi cha mbele. Ukiona nundu iliyolala, hicho ni kitanzi cha kinyume. Anayeweza kutofautisha hivyo viwili kwa macho hahitaji kukumbuka alifikia wapi. Kazi yenyewe inamwambia.

Dalili: vitanzi vinaongezeka na kitambaa kinatanuka kama pembetatu

Hili ndilo linaloongoza. Ulianza na vitanzi 20, sasa una 27, na hukukusudia.

Chanzo kikubwa kiko pembeni, mwanzoni mwa safu. Ukigeuza kazi, uzi unaotoka kwenye donge hurushwa juu ya sindano kwenda nyuma. Ukiuvuta hivyo, kitanzi cha kwanza kinainuka na miguu yake yote miwili inapanda juu, ikionekana kama vitanzi viwili vilivyokaa pamoja. Unafuma mguu wa kwanza, unafuma wa pili, na tayari umeongeza kimoja. Kagua hivi: baada ya kugeuza kazi, kabla hujachomeka sindano, uzi uwe unaning'inia chini ya sindano, upande wa mbele. Vuta kidogo kuelekea chini na utazame kitanzi cha kwanza. Kikikaa kimoja, pitisha sasa uzi nyuma kwa chini ya ncha ya sindano, kamwe si kwa juu, ndipo ufume.

Cha pili kinawapata wanaochanganya vitanzi vya mbele na vya kinyume katika safu moja. Uzi unatakiwa nyuma unapofuma kitanzi cha mbele, na mbele unapofuma cha kinyume, na unapouhamisha upite katikati ya ncha mbili za sindano. Ukiusahau mbele, unajizungusha juu ya sindano na kuzaa kitanzi cha ziada, na chini yake linatokea tundu. Kitanzi cha namna hii kinatambulika upesi: hakina V wala nundu chini yake, kimelala tu juu ya sindano. Ukikiona kwenye safu inayofuata, kiachie kianguke. Hakitaporomoka, kwa kuwa hakikushika chochote, na ulegevu unaobaki utagawanyika kwa majirani.

Cha tatu ni sindano kupasua uzi. Nusu ya nyuzi inapita, nusu inabaki, na safu inayofuata unazifuma zote kama vitanzi viwili. Uzi uliosokotwa kwa ulegevu ndio mkorofi zaidi hapa, na sindano yenye ncha kali sana huuzidisha ukorofi huo.

Iwapo ziada iko safu nyingi chini, unachagua. Kwa skafu ya kwanza, fuma vitanzi viwili pamoja karibu na ukingo, hesabu irudi sawa, usonge mbele. Kwa kitu kinachofumwa kisha kigeuzwe felti kwa maji na msuguano, kitanzi kimoja cha ziada hakistahili hata huo usumbufu, kitapotea chenyewe. Ila kwa sweta, fumua. Mwili wa sweta unaonyesha kila kitu.

Kuna hali nyingine inayofanana na hii: upande mmoja wa kitambaa una safu mbili zaidi ya mwingine, na katikati kuna tundu. Hapo uliacha kazi katikati ya safu, na uliporudi ukaanza kurudi ulikotoka. Kinga yake ni nyepesi. Sindano yenye uzi unaotoka kwenye donge ndiyo inayoshikwa mkono wa kulia, kwa mtu anayefumia mkono huo. Au maliza safu kabla hujaweka kazi chini.

Dalili: vitanzi vinapungua, au kuna ngazi inayoteremka kwenye kitambaa

Acha kuvuta. Hilo ndilo la kwanza, kwa sababu kitanzi kilichoanguka kinateremka kila unapokinyoosha kitambaa ili ukione vizuri. Kidake kwa pini ya kufunga, ndipo utafute sababu. Uzi wa sufu yenye nywelenywele hung'ang'ania na kukupa muda. Pamba na hariri huteleza, na kitanzi kinaweza kushuka safu kadhaa kwa mvuto mmoja tu.

Mara nyingi kitanzi kimeponyoka kwenye ncha ya sindano wakati kazi imewekwa mfukoni au kwenye begi. Vitanzi visogezwe katikati ya sindano kabla ya kuweka kazi, na ncha zizibwe kwa kizibo cha mpira au hata bendi ya mpira iliyozungushwa mara kadhaa. Ikiwa hakuna ngazi yoyote na bado hesabu imepungua, ulifuma vitanzi viwili pamoja bila kujua. Angalia safu ya chini ya sindano: patakuwa na mahali ambapo V mbili zimebanwa na kitanzi kimoja.

Kuipandisha ngazi ni kazi ya dakika moja ukishaielewa, na inafaa kuifanyia mazoezi kwa makusudi kwenye kipande usichokihitaji. Geuza kitambaa upande wa V ukutazame. Chomeka kulabu ndani ya kitanzi kilichoanguka, kutoka mbele kwenda nyuma. Nyuma ya kitanzi hicho utaona nyuzi zilizolala kama vipago vya ngazi. Nasa kipago cha chini kabisa, kivute kipite ndani ya kitanzi kuja mbele: umepata kitanzi kipya, safu moja juu. Nasa kinachofuata. Endelea hadi vipago viishe, kisha rudisha kitanzi cha mwisho kwenye sindano, mguu wake wa kulia ukiwa mbele. Ukiruka kipago kimoja, kitabaki nyuma kikining'inia. Shuka tena ukichukue.

Kwenye kitambaa kilichofumwa vitanzi vya mbele kila safu, kile chenye mistari ya nundu pande zote, inabidi ugeuze kitambaa baada ya kila kipago ili V na nundu zipishane. Inachosha kidogo, lakini njia ni ileile.

Wakati wa kuacha: sweta la kurithi, au nguo ya mashine yenye vitanzi vidogo mno, ikiwa na ngazi au tundu kubwa, isijaribiwe na mwanafunzi. Funga kila kitanzi kilicho wazi kwa pini au uzi laini na uipeleke kwa fundi anayeshona nguo za kufuma. Kadiri ulivyoivuta kidogo, ndivyo atakavyokuwa na cha kurekebisha.

Dalili: sindano haiingii, vitanzi vimebana kama waya

Wanaoanza hudhani tiba ni kulegeza mkono. Mara nyingi mkono hauna kosa; kosa ni mahali vitanzi vinapoundwa. Ncha ya sindano imechongoka, ni nyembamba kuliko mwili wake. Ukifumia nchani tu, kwa hofu kwamba vitanzi vitadondoka, kila kitanzi kinapata unene wa ncha. Kisha unakisukuma kwenye mwili mnene wa sindano na kinabana. Kila kitanzi kipya kisukume hadi kwenye mwili wa sindano kabla ya kukiachia cha zamani. Wengi tatizo lao linaishia hapo.

Kama halikuisha, tazama mambo mengine kwa utaratibu huu. Je, unauvuta uzi kila baada ya kitanzi? Acha, uzi upite vidoleni kwa msuguano wake tu. Je, sindano ni nyembamba kuliko uzi unavyotaka? Lebo ya uzi huwa inaonyesha unene unaopendekezwa kwa milimita. Kujifunzia, uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4.5 au 5 ni mwanzo mzuri, na uzi uwe wa rangi nyepesi ili uvione vitanzi. Je, ni safu ya kwanza tu iliyobana? Anzishia vitanzi kwenye sindano nene zaidi kwa ukubwa mmoja au miwili, kisha rudi kwenye zako. Hali hiyohiyo huwapata wanaofunga vitanzi mwishoni: shingo ya sweta haipiti kichwa. Fumua safu ya kufungia peke yake na uifunge upya kwa sindano nene.

Sindano za chuma huteleza, za mianzi na mbao hushika. Anayebana anufaike na chuma, anayelegeza anufaike na mbao. Nimeona watu wakibadilisha mkao wa mikono kwa muda mrefu ilhali kubadilisha sindano kungetosha.

Hapa pana onyo ambalo sitaki lipitwe. Uchovu wa mikono baada ya kufuma kwa muda mrefu ni wa kawaida na unaisha kwa kupumzika. Ganzi si ya kawaida. Ukihisi ganzi au vijisindano kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, au ukaanza kudondosha vitu, weka sindano chini na umwone daktari. Neva inayopita kwenye kifundo cha mkono huenda inabanwa, na ikibanwa kwa muda mrefu madhara yake huwa magumu kurudi nyuma.

Dalili: kitambaa kinajikunja kingo zote

Hujakosea. Kitambaa chenye V tupu upande mmoja na nundu tupu upande wa pili hujikunja kwa asili yake: kingo za kushoto na kulia hujikunja kwenda nyuma, juu na chini hujikunja kuja mbele. Kukipiga pasi ya mvuke hukinyoosha kwa muda, kisha kinarudi. Tiba inawekwa tangu mwanzo: vitanzi vinne hadi sita vya kila ukingo wa pembeni vifumwe vya mbele katika kila safu, na chini na juu pawe na safu kadhaa za namna hiyo au za kupishanisha mbele na kinyume. Ikiwa umeshamaliza, okota vitanzi pembeni na uongeze mkanda.

Uzi wa akriliki usiguswe na pasi kabisa. Joto linaulegeza na kuung'arisha, na haurudi tena ulivyokuwa.

Dalili: V zimevuka miguu, kitambaa kigumu kuliko kawaida

Ama unachomeka sindano kwenye mguu wa nyuma wa kitanzi, ama unazungusha uzi upande usio wake unapofuma vitanzi vya kinyume. Cha pili hutokea zaidi. Ukiona safu moja imevuka na inayofuata iko sawa, anza kukagua vitanzi vya kinyume. Hakuna haja ya kufumua kazi nzima kama imevuka yote kwa usawa. Maliza hivyohivyo, urekebishe kwenye kazi ijayo.

Dalili: saizi haikutoka

Mchoro, yaani maelekezo ya nguo unayofuma, unasema vitanzi 20 kwa sentimita 10, wewe unapata 22. Unaona tofauti ya vitanzi viwili ni ndogo. Sasa piga hesabu ya mwili wa sweta lenye vitanzi 200: mchoro unategemea sentimita 100, wewe utapata kama 91. Hiyo ni nguo ya mtu mwingine.

Fuma kipande cha majaribio cha angalau sentimita 15 kwa 15, kioshe, kikauke, kisha hesabu vitanzi vya sentimita 10 za katikati, usihesabu karibu na kingo. Vikizidi, panda sindano nene, vikipungua, shuka. Usijilazimishe kukaza au kulegeza mkono ili namba ilingane, maana ukizama kwenye kazi mkono utarudia tabia yake.

Wengine wamepima na bado wamekosa. Hao mara nyingi walipima kabla ya kuosha, au walipima kipande bapa kisha wakafuma kwa mzunguko, ambako hakuna safu za kinyume na mkono hubadilika.

Sasa felti. Dalili: sufu haishikamani hata ufanyeje

Kwanza jiulize kama ni sufu. Unywele wa kondoo una magamba madogo sana juu yake. Ukilowa na kusuguliwa, magamba hayo yanashikana na nyuzi zinaingiliana zisiachane. Akriliki haina magamba. Pamba haina. Hakuna maji ya moto wala sabuni itakayobadilisha hilo. Sufu yenyewe nayo hugoma ikiwa imetibiwa kiwandani ili iweze kufuliwa kwa mashine: magamba yameondolewa makali au yamefunikwa. Kwa hiyo lebo ikisema sufu inafuliwa kwa mashine bila shida, hiyo ni habari mbaya kwa mtu wa felti.

Lebo imepotea? Chukua nyuzi chache, zilowanishe kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni, zizungushe katikati ya viganja kwa dakika kadhaa. Sufu nzuri inakuwa kidonge kigumu. Kama bado una shaka, choma kipande kifupi cha uzi ukikishika kwa koleo juu ya sahani ya udongo, na maji yawe karibu. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima ukiiondoa kwenye moto, na jivu lake husagika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu, nalo likiwa la moto linaunguza ngozi vibaya, liache lipoe. Ila kumbuka moto unakuambia ni sufu au siyo, haukuambii kama imetibiwa. Hilo linajulikana kwa kidonge cha viganjani.

Ikiwa ni sufu sahihi na bado imegoma, sababu inayofuata ni kufuma kwa kubana. Nyuzi zinahitaji nafasi ya kusogea ili ziingiliane. Uzi unaofumiwa kwa kawaida na sindano ya milimita 4, kwa ajili ya felti ufumie 6 au zaidi, kitambaa kionekane kilegevu na chenye matundu. Wanaoanza hukikataa kitambaa hicho kwa sura yake; kivumilieni.

Halafu kuna kutegemea joto peke yake. Sufu inaweza kuchemshwa polepole kwenye sufuria ya kutilia rangi na itoke bila kushikamana, mradi haikukorogwa. Joto linasaidia, sabuni inasaidia, lakini kinachofanya kazi ni msuguano. Kama unafanya kwa mashine, weka na kitambaa kigumu cha kusugulia, kama suruali ya jinzi isiyochuja rangi. Na uzi mweupe sana ulioondolewa rangi kwa dawa mara nyingine hukawia au hugoma kuliko wa rangi nyingine wa aina ileile, kwa hiyo ujaribu peke yake.

Dalili: imenywea vibaya, upande mmoja zaidi ya mwingine

Kitambaa kilichofumwa hunywea zaidi kwa urefu kuliko kwa upana. Ni kawaida, na kipande cha majaribio ndicho kinachokupa kiasi chake kwa uzi wako. Tuseme kipande cha sentimita 20 kwa 20 kimetoka upana 16 na urefu 13. Upana umebaki asilimia 80, urefu asilimia 65. Ukitaka mfuko wa upana 32 na urefu 26, gawa: 32 kwa 0.8 ni 40, na 26 kwa 0.65 ni 40. Unafuma mraba ili upate mstatili.

Kama kimenywea kwa mabaka, mashine ilijazwa sana na kazi ikakaa sehemu moja, au ilijikunja na haikutazamwa. Itazame kila dakika tano. Ndiyo maana mashine inayofunguliwa juu inafaa zaidi kuliko ile ya mlango wa mbele unaojifunga hadi mzunguko uishe. Itoe kabla ya kukamuliwa kwa kasi, kwa sababu mikunjo inayoingia hapo haitoki. Ifunge kwenye taulo na uikanyage.

Ikiwa bado mbichi, ivute, itandaze juu ya bakuli au ubao unaolingana na umbo unalotaka, na uiache ikauke hapo. Huo ndio muda wako wa kusahihisha. Ikishakauka imeshakataa, ingawa kuilowesha upya kunaweza kukupa sentimita moja mbili. Maji yenye kondishena ya nywele, ambayo watu huyasifu, hulainisha sufu iliyoanza tu kushikamana. Felti kamili hairudi kuwa sweta. Lakini pia haichanuki ikikatwa, na hilo ni jambo zuri: sweta lililonywea linatoa soli za ndani za viatu, vishikio vya sufuria na mfuko wa miwani bila kushonwa pindo.

Dalili: bamba la felti lina matundu, au tabaka zinaachana

Hapa tunazungumzia sufu iliyochanwa, isiyofumwa, inayotandazwa kwa mkono na kulowanishwa. Chanzo cha kwanza ni kutandaza vibaya. Tabaka ziwe nyembamba, tatu au nne, kila moja nyuzi zake zikikata zile za chini yake. Kabla ya maji, pitisha kiganja juu kwa wepesi. Panapobonyea pamepungukiwa, jaza. Tundu huzibwa sasa. Ukilizibia baadaye, sufu mpya inakaa juu ya ile iliyokwisha kushikana na haiingii.

Cha pili ni haraka ya kusugua. Mwanzoni unabonyeza tu, hewa itoke na maji yaingie, juu yake pakiwa na wavu. Ukisugua kwa nguvu nyuzi zikiwa zinaelea, unazisukuma na kufungua matundu mwenyewe.

Cha tatu ni povu. Sabuni kidogo inafanya viganja viteleze, sabuni nyingi inatenganisha nyuzi. Povu likijaa, lifyonze kwa sponji na uongeze maji ya uvuguvugu.

Finya uso wa bamba kwa vidole viwili na uinue. Nyuzi zikiinuka peke yake, bado. Uso mzima ukiinuka kama ngozi, sasa zungusha bamba kwenye mkeka au taulo na ulivingirishe, ukibadilisha upande kila baada ya muda ili linywee sawa. Hatua hii haina njia ya mkato. Huko Mongolia, felti ya kufunikia mahema ya ger huvingirishwa kwenye gogo na kukokotwa na farasi, na bado huchukua muda. Ukilikatiza mapema, bamba litakuwa na sura ya felti na litachakaa upesi.

Kofia au pochi iliyogandana ndani haikuwekewa kigezo. Kata plastiki laini kwa umbo unalotaka, kubwa kuliko saizi ya mwisho kwa kadiri kipande chako cha majaribio kilivyonywea, sufu ikae pande zote mbili.

Dalili: sindano za felti zinavunjika, au kinyago kina vishimo na hakikazi

Sindano hizi, za kuchomachoma sufu kavu hadi ikaze kuwa umbo, zina meno madogo yanayosukuma nyuzi ndani. Zinavunjika kwa sababu moja karibu kila mara: inaingia kwa pembe moja na kutolewa kwa pembe nyingine. Ingia na utoke kwenye mstari uleule, bila kukunja kifundo. Vishimo vinatokana na sindano nene kutumika hadi mwisho. Anza na namba 36 au 38, malizia na 40, ambayo ni nyembamba, ukichoma juujuu. Isipokaza, badilisha sindano kwanza, meno yameisha. Kisha tazama sufu: ile iliyochanwa ikanyooka na kuteleza hukaza polepole kuliko ile yenye nyuzi zilizochanganyika, kwa hiyo ya pili iwe kiini na ya kwanza iwe ngozi ya nje.

Kazi ikae juu ya sponji nene, kamwe isikae juu ya paja, na watoto wadogo wasiachiwe sindano hizi. Ncha ikivunjika, itafute mpaka uipate. Mwanasesere mwenye ncha ndani asipewe mtu. Ikivunjikia kidoleni usichokonoe. Nenda hospitali, na useme lini ulichanjwa pepopunda mara ya mwisho.

Mashine ya kufulia inalia au haitoi maji

Manyoya yaliyochomoka yameziba chujio au pampu. Kinga yake ni kufungia kazi ndani ya foronya yenye zipu. Ikishatokea, zima, chomoa waya ukutani, safisha chujio kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Ikiwa bado haitoi maji, au kuna harufu ya kuungua, mwite fundi. Usifungue pampu mwenyewe.

Manyoya mabichi kutoka kwa kondoo

Anayetaka kuanzia mbali zaidi, kwenye manyoya ambayo hayajaoshwa, aulize kwanza yametoka wapi. Vijidudu vya ugonjwa wa kimeta huishi kwenye manyoya kwa muda mrefu na huwapata watu kwa ngozi na kwa pumzi. Manyoya ya mnyama aliyekufa ghafla, au asiyejulikana alikufaje, yasiguswe wala kuchambuliwa nyumbani. Mwite daktari wa mifugo. Ukishika manyoya ya aina hiyo kisha ukaota kidonda kisichouma chenye kigaga cheusi katikati, au ukapata homa na kifua kubana, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaeleze ulichokishika.